Kijana Aliye Masomoni Ng'ambo na Siku ya Matembezi

Mzazi aliyeuza kiwanja ili mwanawe akasome ng'ambo hukunja uso aletewapo picha ya kijana huyo akiwa matembezini na wanafunzi wenzake. Swali humtoka papo hapo: "Tumekupeleka kusoma au kuzurura?" Swali hilo si la kubezwa, kwani fedha ya mzazi ni amana, na wakati ni amana kubwa zaidi. Hata hivyo, lina upande wa pili ambao familia zetu hazijaupa haki yake.

Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Ankabut aya ya 20 na mahali pengine, imewahimiza watu watembee katika ardhi na watazame. Hapo pana mambo mawili: kutembea na kutazama. Matembezi yenye lawama ni yale yaliyobaki na la kwanza yakapoteza la pili.

Tuchukue mfano wa Cairo, tuliposoma sisi, na ambako vijana wa Afrika Mashariki wangali wakisoma katika Chuo Kikuu cha Al-Azhar. Siku moja ya mapumziko tulikwenda kisiwa cha Rawda pamoja na wenzetu wa darasani kutoka Indonesia, Nigeria na Senegal. Huko kipo kipimo cha maji ya Mto Nile, kilichojengwa mwaka 861, zama za Khalifa al-Mutawakkil. Ni shimo refu lililojengewa kwa mawe, na katikati yake imesimama nguzo ya pembe nane yenye alama za dhiraa. Maji ya mto yaliingia humo kwa njia za chini ya ardhi. Yalipofika dhiraa 16, watu walitarajia mavuno mema. Yakipungua sana, waliogopa njaa. Yakizidi sana, waliogopa gharika. Kodi ya ardhi nayo ilikadiriwa kwa kipimo hicho.

Darasani tulikwisha kuhifadhi hukumu ya zaka ya mazao: sehemu ya kumi kwa shamba linalonyeshewa na mvua, na nusu yake kwa linalomwagiliwa kwa gharama. Mbele ya nguzo ile tuliona jinsi haki ya mkulima na haki ya maskini zinavyofungamana na maji. Mwenzetu mmoja, mwenyeji wa Mwanza, akawaeleza wageni kwamba sehemu ya maji ya mto huo hutoka katika ziwa la kwao.

Kutoka huko tulikwenda mtaa wa al-Muizz, kwenye jengo alilojenga Abd al-Rahman Katkhuda mwaka 1744. Chini wapita njia walipewa maji bure. Juu watoto walisomeshwa Qur'ani. Katika mtaa huohuo Sultani Qalawun alijenga hospitali katika miaka ya 1284 na 1285, ikatibu tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni. Yote hayo yaliendeshwa kwa mali ya wakfu. Kijana aliyeyaona hawezi tena kudhani kwamba wakfu ni msikiti na makaburi tu. Nasi leo, kamati ya msikiti inapojadili kisima na madrasa, huukumbuka mtaa ule kabla ya kukumbuka kitabu.

Matembezi yana adabu zake. Ada na chakula cha mwezi vitangulie. Masahaba wawe watu wa kuaminika. Vipindi vya swala vipangwe kabla ya safari. Mzazi ajulishwe mapema badala ya kushtukizwa na picha. Kijana achukue kitambulisho cha mwanafunzi, kwani sehemu nyingi za kale nchini Misri hupunguza kiingilio kwa wanafunzi. Na kabla ya kutoka asome japo ukurasa mmoja kuhusu anapokwenda, kwani asiyejua anachokitazama hurudi na picha ya uso wake tu.

Wazazi nao tunawanasihi wabadili swali. Simu ya kijana ikipigwa, aulizwe: umeona nini, nani alikijenga, na kwa mali ya nani? Akijibu, wadogo zake nyumbani nao waitwe wasikilize, maana nauli ya mmoja itakuwa imesomesha nyumba nzima. Akishindwa kujibu, hapo mzazi ana haki ya kuuliza habari za fedha yake.