Jina Moja, Maghala Mengi



Siku ya matokeo ya mtihani wazazi wengi hushika simu. Ukurasa unazunguka tu, haufunguki. Mzazi anadhani bando limekwisha, ananunua jingine. Fedha inakwenda, matokeo hayaonekani. Je, kosa ni la simu? Mara nyingi siyo.

Taarifa za intaneti huwekwa ndani ya kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana. Kompyuta hizo huitwa seva. Watu laki moja wakiiuliza seva moja kwa wakati mmoja, inazidiwa.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme chama chetu cha ushirika kina ghala moja tu la mbegu, nalo liko Katesh. Mvua zikikaribia, watu wa Gehandu, Endasak na Bassotu wote wanakwenda huko. Foleni inakuwa ndefu. Na ghala hilo likiungua, wote tunakosa mbegu.

Dawa yake ni nini? Chama kinafungua maghala mengine yenye mbegu ile ile. Kisha kinamweka karani. Kila mtu anamwuliza, "Ghala la chama liko wapi?" Karani anaangalia mtu katoka wapi, anampeleka kwenye ghala la karibu. Ghala likifungwa, hampeleki mtu huko tena.

Intaneti nayo ina karani wake. Ni mfumo wa majina ya intaneti, uliobuniwa Marekani na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kila seva ina namba, kama simu. Wewe unaandika jina tu. Mfumo huo unakutafutia namba. Jina moja linaweza kuwa na namba nyingi: seva moja Dar es Salaam, nyingine Nairobi, nyingine Ulaya. Aliye Manyara anaweza kupewa namba ya Dar es Salaam, na aliye London akapewa ya Ulaya.

Jambo hili linatuhusu sana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zipitazo baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Siku kama hiyo taarifa iliyoko ng'ambo tu huwa ngumu kuipata. Yenye nakala hapa nchini inaweza kufika kwa nyaya za nchi kavu. Ndiyo maana Dar es Salaam kuna kituo cha TIX, ambapo kampuni za intaneti hupeana taarifa humu humu nchini. Mwaka 2022 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, lilitangaza kuweka seva za majina Kenya, ili maswali ya Afrika yajibiwe Afrika.

Lakini karani naye ana upungufu. Kwanza, mara nyingi hakuoni wewe. Anamwona mjumbe wako, yaani seva inayobeba swali la simu yako. Mjumbe akiwa Ulaya, karani anaweza kudhani nawe uko Ulaya, akakupeleka mbali.

Pili, simu na mjumbe hukumbuka jibu kwa muda: dakika chache, pengine saa nyingi. Seva ikifa katikati, bado unakwenda kwenye mlango uliofungwa.

Basi ukurasa mmoja ukikwama, fanya hivi. Fungua ukurasa mwingine. Ukifunguka, bando lako lipo. Usinunue jingine. Zima data, ngoja dakika chache, uwashe tena. Ukikwama bado, jaribu baadaye, watu wakipungua.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Kwa nini ghala moja halitoshi?
2. Karani wa intaneti hufanya kazi gani?
3. Ni taarifa zipi za kijiji chetu zingefaa kuwa na nakala hapa nchini?