Farasi Mwenye Wasiwasi Mbele ya Kiunzi

 

Wengi wetu tumezoea punda, yule wa kubeba maji na kuvuta mkokoteni. Farasi tumemwona kwa mbali tu, pengine katika uwanja wa mbio pale Ngong Road, Nairobi, au akiwa amepandwa na askari. Lakini wako vijana wetu ambao riziki yao imo katika mazizi ya farasi, na kila asubuhi hukutana na jambo linaloweza kumvunja mtu shingo. Leo nataka tumtazame farasi anayepandwa na moto kila aonapo kiunzi cha kuruka.

Nje ya uwanja ametulia kama kondoo. Mgeuze tu aelekee ule mti uliowekwa juu ya nguzo mbili, mara masikio yasimama, jasho lamtoka shingoni, miguu yachezacheza, kisha achomoka kama mshale. Aruka akiwa mbali mno, au akaribia mno na kugonga mti kwa magoti. Watazamaji husema, "Tazama huyu anavyopenda kuruka!" Nami nasema, sivyo. Mara nyingi farasi wa namna hii anakimbilia kiunzi kwa sababu anataka jambo lile limalizike upesi. Farasi hana pembe wala kucha. Tangu awali kinga yake ni mbio. Akiogopa, akiumia, akichanganyikiwa, jibu lake ni moja tu, kukimbia.

Na mpandaji hufanya nini? Huvuta hatamu kwa nguvu zake zote. Basi, fikirini. Lijamu ni chuma, nacho hukaa juu ya ufizi, mahali pasipo na meno. Mkono ukivuta, chuma chabana ulimi na ufizi. Farasi aona uchungu, naye huukimbia uchungu. Kadiri anavyokimbia ndivyo anavyovutwa. Tena liko jambo la macho. Macho ya farasi yako pande mbili za kichwa, hata kitu kilicho karibu kabisa mbele ya paji la uso wake hakioni. Anapokaribia kiunzi humpasa kuinua kichwa kidogo apate kukipima. Mwenye kumfunga kichwa kwa hatamu amemwamuru aruke gizani.

Kwa muda mrefu hata mabwana wakubwa wa farasi katika majeshi ya Ulaya hawakulijua hilo. Walifundishwa kuegemea nyuma wakati wa kuruka na kushikilia hatamu, na farasi akatua akiwa ameumia mgongo na kinywa pia. Kisha alitokea afisa Mwitalia, Federico Caprilli, aliyezaliwa mwaka 1868. Huyu alikaa akawatazama farasi wanavyoruka bila mtu mgongoni, akaona kwamba hunyoosha shingo mbele na kukunja mgongo. Akawaagiza askari wake wafupishe vikuku vya miguu, wainame mbele pamoja na farasi, na mikono yao ifuate kinywa chake. Wakubwa wake walimpinga sana mwanzoni. Mwaka 1902 huko Turin akaruka mita 2.08. Alikufa Desemba 1907 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi, akiwa na miaka 39, lakini leo dunia nzima huruka kwa njia yake.

Sasa wewe uliye na farasi wa namna hii ufanye nini? Kabla ya kumlaumu, chunguza zizi. Farasi anayelishwa nafaka nyingi na kufungiwa siku nzima atalipuka tu. Mpunguzie nafaka, mwongezee nyasi, mwache atembee malishoni. Weka kiganja chini ya tandiko uone kama lamkwaruza. Mwombe daktari wa mifugo amtazame meno na mgongo. Mafunzo hayaponyi jino bovu.

Akiwa mzima, mrudishe kwenye darasa la kwanza, na usione haya. Laza miti mitatu au minne chini kabisa, umbali wa kama mita 1.3 kati ya mti na mti. Mpitishe kwa kutembea, kisha kwa mchakamchaka. Itambidi aangalie anapoweka miguu, na farasi anayeangalia miguu yake hana nafasi ya kuwaka moto. Mara nyingine mwelekeze kwenye miti, kisha mgeuze mapema, mzunguke duara kubwa, aone kwamba si kila mti ni wa kuvamiwa. Lakini msigeuke hatua ya mwisho mbele ya kiunzi. Hapo utakuwa umemfundisha kukwepa, nawe utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Siku akipita miti hiyo kana kwamba ni barabara ya nyumbani, weka kiunzi kidogo, nusu mita kinatosha, na mti mmoja chini mbele yake, kama mita 2.7. Njoo kwa mchakamchaka. Ule mti wa chini utampimia mahali pa kurukia, wewe usimpimie. Shika ukanda wa shingoni, au nywele zake, ili ukiyumba usining'inie kinywani mwake. Pumua. Nasema hivi si kwa mzaha: mtu akizuia pumzi, mwili wake hukakamaa, na farasi huusikia ukakamavu huo mgongoni mwake. Wengine huhesabu hatua kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, na sauti ile huwatuliza wote wawili. Mkishatua, mwache aende mbele kidogo, mrudishe kwenye kutembea kwa upole, mguse shingo. Akifanya vema mara mbili tatu, shuka. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kutaka mara ya nne, na ya tano, na mti uinuliwe.

Huenda mtu akauliza kama farasi wa tabia hiyo anaweza kufika popote. Huko Chile alikuwako mmoja aliyeitwa Faithful, aliyezaliwa mwaka 1933. Walimjaribu katika mbio akashindwa, na wasiwasi wake ukajulikana. Mwishowe akaja mikononi mwa kapteni wa jeshi, Alberto Larraguibel, aliyemwandaa kwa subira, na jina lake sasa lilikuwa Huaso. Tarehe 5 Februari 1949, mjini Viña del Mar, waliwekewa kiunzi cha mita 2.47. Mara ya kwanza Huaso hakuruka. Mara ya pili aliruka akauangusha mti wa juu. Mara ya tatu akapita, na hakuna farasi aliyeivunja rekodi hiyo hata leo. Baada ya siku ile hakupandwa tena na mtu yeyote. Walimwachia malisho, akala nyasi zake mpaka alipokufa mwaka 1961.