Maji ya Chupa na Ukame: Chemchemi ni ya Nani?

Wengi hudhani kwamba ugomvi juu ya maji ya chupa ni ugomvi wa wingi wa maji. Sivyo. Kiini chake ni swali la mamlaka: nani anaamua juu ya chanzo? Tuchukue mfano wa jimbo la California, nchini Marekani.

Tarehe 1 Aprili 2015, katika ukame mkali, Gavana Jerry Brown aliamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Wakati huo huo kampuni ya Nestlé iliendelea kuchukua maji ya chemchemi katika msitu wa serikali wa San Bernardino na kuyauza. Kibali cha bomba lake kilikwisha muda tangu 1988. Ada yake ilikuwa dola 524 kwa mwaka.

Watetezi wake walisema maji ya chupa ni sehemu ndogo mno ya maji ya jimbo. Ni kweli, kilimo hutumia mengi zaidi. Lakini kijito kinachokauka hakijazwi na hesabu ya jimbo zima, na mwananchi aliyeamriwa kujinyima ana haki ya kuuliza kwa nini mwenye mtaji hakuguswa.

Mwaka 2021 Nestlé iliuza biashara hiyo. Septemba 2023 bodi ya maji ya jimbo iliiamuru kampuni iliyoirithi, BlueTriton, iache kuchukua maji isiyokuwa na haki nayo. Kampuni ikakimbilia mahakamani.

Funzo letu ni hili: kibali kisichokaguliwa hugeuka umilikaji. Umma usisubiri ukame ndipo uulize.