Pareshoki ya mbele imevunjika: namna ya kuibadilisha nyumbani bila kujiletea shida

Katika miji yetu ya mashariki, kuanzia Butembo na Goma mpaka Bukavu na Uvira, si ajabu kuona gari inapita na pareshoki ya mbele iliyofungwa na waya ao kipande cha mpira. Wenye magari wengi wanaona ni jambo la uzuri tu: gari inatembea, sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba pareshoki iliyoshikwa na waya inaweza kudondoka kwenye shimo ya kwanza, motari anayekuja nyuma akaikanyaga. Inaweza pia kuingia chini ya gurudumu lako mwenyewe. Na mara nyingi inaficha uharibifu mwingine ambao hujauona.

Kuibadilisha haiombi garaji kubwa. Watu wawili, nusu siku na vyombo vichache, kazi inaisha. Lakini kuna mambo ya kujua kwanza.

Pareshoki si plastiki peke yake

Ile tunaona nje ni ganda tu. Nyuma yake, kwenye magari mengi ya leo, kuna sponji ngumu inayobonyea wakati wa mgongano mdogo. Nyuma ya sponji kuna chuma kinachopita kutoka kushoto kwenda kuume, kimefungwa na buloni kwenye shasi. Sponji na kile chuma ndivyo vinapunguza nguvu ya mgongano mbele haijafika kwenye radiatere, injini na watu walio ndani.

Basi mtu anayenunua ganda mupya na kuliweka juu ya chuma kilichopinda, bila sponji, amepamba gari tu. Wengine wanawekaka kipande cha matela fasi ya sponji. Matela inalala mara moja, haizuie kitu. Wengine wanachomelesha mabomba mazito ya chuma mbele. Gari inaonekana yenye nguvu, lakini bomba halibonyei: nguvu yote inaingia kwenye shasi, na mtu wa miguu akigongwa, hata kwa mwendo mdogo, mifupa yake ndiyo inalipa.

Mbele ya kununua

Pareshoki nyingi sokoni ni za okazioni. Usinunue kwa jina la gari tu. Toyota Corolla moja na ingine zinaweza kuitwa sawa lakini miaka ikawa tofauti, na mbele ikabadilika. Beba ile ya zamani, ao picha zake, ukalinganishe. Angalia mashimo ya taa za ukungu, fasi ya sahani ya namba, na zaidi ya yote yale masikio madogo ambamo visi na klipsi zinaingia. Ufa katikati, fundi anaweza kuushona na kuuchoma. Sikio lililokatika halishikani vizuri tena.

Ijaribishe kwenye gari mbele ya kuipaka rangi. Ukipaka rangi kisha ukaona haiingii, muuzaji hataipokea tena. Plastiki inaomba kusafishwa na sabuni, kupigwa msasa laini, kisha rangi ya chini ya plastiki. Bila ile rangi ya chini, rangi ya juu itabanduka kama ganda la yai.

Kuondoa ya zamani

Weka gari fasi ya usawa, vuta breki ya mkono, tia mawe kwenye magurudumu. Kama unapaswa kuinua gari, usiingie hata kidogo chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Kriki inatelezaka. Fungua waya wa hasi wa batri na ungojee dakika 2 ao 3, zaidi kama gari iko na mifuko ya hewa.

Fungua kapo. Juu ya pareshoki utaona klipsi na buloni. Kwenye Toyota nyingi kle ya 10 inatosha. Klipsi: inua kichwa cha katikati na turnevisi bapa, kisha uvute yote. Geuza magurudumu upande mmoja ili ufikie visi iliyo ndani ya tao la gurudumu, kisha upande mwingine. Malizia na zile za chini. Tia kila visi katika kikopo, sababu hazina urefu mmoja.

Sasa watu wawili, kila mmoja upande wake, vuteni pembeni kwanza, kisha mbele, polepole. Musivute kwa nguvu: waya za taa za ukungu zinaweza kuwa bado zimeshikwa. Tandikeni blanketi ya zamani chini.

Hapa ndipo kazi ya kweli. Angalia chuma: kimenyooka? Angalia radiatere: kuna maji yanatoka? Chuma kilichopinda kibadilishwe. Ukikitia moto na kukipiga nyundo, nguvu yake inapunguka.

Kufunga mupya

Rudisha sponji. Unganisha waya za taa kwanza. Ingiza katikati, kisha sukuma pembeni mpaka usikie inaingia kwenye reli zake. Anzisha visi zote na mkono, usikaze hata moja mpaka zote zimeshika. Ukikaza moja mapema, zingine hazitaona shimo.

Funga kapo polepole uone kama nafasi iko sawa pande zote. Rudisha batri, jaribu taa zote. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kuume, angalia kama mpira haugusi plastiki. Kisha safari fupi kwenye barabara mbaya, halafu uangalie tena. Kwa barabara zetu za mawe, rudilia kuangalia visi kisha wiki moja.

Wakati wa kumwita fundi

Usijaribu peke yako kama mifuko ya hewa imepasuka, kama radiatere inavuja, kama kapo haifungi vizuri ao milango imeanza kukataa kufunga. Hizo ni dalili kwamba shasi yenyewe imesogea. Gari ya namna hiyo haiombi pareshoki. Inaomba fundi mwenye vipimo, mbele haijabeba tena abiria.

Klipsi mupya hazina bei kubwa. Kubali kuzinunua, na waya ubaki kazi ya kufunga majani ya ngombe.