Studio za picha Bukavu: kasi inatoka kwenye toleo jipya la programu, au kwenye kebo?

Kwa mwenye studio ya picha mjini Bukavu, sekunde nne za kungoja zina bei yake. Chukua picha 300 za maharusi na jamaa zao. Kila picha ikichelewa sekunde nne kufika kwenye skrini, jumla yake ni dakika 20. Umeme ukiwa umekatika, dakika hizo zinaliwa na mafuta ya jenereta au betri ya sola, huku familia nyingine ikisubiri zamu mlangoni.

Ndiyo maana kila programu ya kuhariri picha inapotangaza toleo jipya lenye kasi zaidi, swali kwa mwenye studio si la anasa. Je, kasi hiyo ni ya kweli kwenye kamera na kompyuta aliyo nayo? Au atalipa dola nyingi kisha abaki akingoja kama zamani?

Kasi inayozungumziwa hapa ni ya kupiga picha kwa kebo. Kamera huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na kila kifyatuo kinapobonyezwa, picha huingia moja kwa moja kwenye kompyuta na kuonekana kwenye skrini kubwa. Mteja huona palepale kama macho yalifumba, kama kilemba kimekaa upande, kama kola ya shati imejikunja. Picha mbaya hurudiwa kabla mtu hajaondoka, maana kumwita tena mtu aliyekwisha rudi Bagira au Kadutu kwa ajili ya picha moja ni kumpotezea siku.

Mji wenye mabwawa, studio zenye jenereta

Bukavu iko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, pale mto Ruzizi unapoanzia safari yake kuelekea Ziwa Tanganyika. Kwenye mto huo kuna vituo viwili vya umeme: Ruzizi ya Kwanza, yenye uwezo wa megawati 29.8, na Ruzizi ya Pili ya mwaka 1989, yenye megawati 43.8, ambayo Kongo inaigawana na Rwanda na Burundi. Hata hivyo, kukatika kwa umeme ni jambo ambalo wakaaji wa Ibanda, Kadutu na Bagira wanalijua vizuri, na mwenye studio hupanga kazi yake akilifikiria.

Tangu Februari 2025, M23 walipouteka mji, hali ya fedha nayo imebadilika. Mabenki yalifunga milango na watu wakategemea zaidi kutumiana pesa kwa simu. Kwa programu zinazolipiwa kila mwezi kwa kadi ya benki, hilo ni tatizo peke yake, kabla hata ya kuuliza kama programu ina kasi.

Safari ya picha moja

Kabla ya kulinganisha matoleo, inafaa kujua picha inapita wapi. Safari yake ina hatua nne. Kwanza kamera huandika picha kwenye kumbukumbu yake ya ndani. Pili, picha hupita kwenye kebo. Tatu, kompyuta huihifadhi kwenye diski. Nne, programu huifungua, huipa rangi na kutengeneza picha ya kuonyesha kwenye skrini.

Toleo jipya la programu linaweza kubadilisha namna ya kuongea na kamera, na zaidi linaweza kubadilisha hatua ya nne. Haliwezi kuongeza uwezo wa mlango wa USB wa kamera.

Hesabu yake ni nyepesi. Mlango wa USB 2.0, kama ule wa Canon EOS 700D au 5D Mark III, una kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde. Faili la RAW la megabaiti 25 ni sawa na megabiti 200. Hata kila kitu kikienda sawasawa, faili hilo linahitaji karibu nusu sekunde kupita, na kwa kazi halisi huchukua zaidi. Mlango wa USB 3.0, uliopo kwenye 5D Mark IV au Nikon D850, una kikomo cha gigabiti 5 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara kumi.

Lakini kebo nayo ina masharti. Kwa USB 2.0 urefu wa kawaida usizidi mita 5, na kwa USB 3.0 karibu mita 3. Waya mrefu wa bei ndogo, au kigawanyo cha USB kisicho na umeme wake, huifanya kompyuta ipoteze kamera katikati ya kazi. Mara nyingi lawama humwangukia toleo la programu, kumbe mwenye kosa ni waya.

Matoleo yalibadilisha nini

Adobe Lightroom, mojawapo ya programu zinazotumiwa sana duniani na wapiga picha, haikuwa na uwezo wa kupiga kwa kebo hadi toleo la 3, lililotoka Juni 2010. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ya mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja, na masasisho yake yalikoma Desemba 2017. Baada ya hapo ikabaki Lightroom Classic, ya kulipia kwa mwezi au kwa mwaka.

Hatua kubwa zinazohusu kebo zilikuja baadaye. Toleo la 8 la Oktoba 2018 lilileta mawasiliano ya haraka zaidi na kamera za Canon. Toleo la 10 la Oktoba 2020 liliongeza uwezo wa kuona kwenye kompyuta kile ambacho lenzi inakiona kabla ya kupiga, likianza na Canon. Wenye kamera za Sony walingoja zaidi: Lightroom Classic ilianza kuziunganisha kwa kebo bila nyongeza ya watu wengine mwezi Mei 2024.

Funzo ni kwamba toleo moja linaweza kuwa hatua kubwa kwa mwenye Canon na lisimletee lolote mwenye Sony. Sifa ya jumla kwamba “toleo hili ni la kasi” haitoshi. Lazima mtu aulize: kwa kamera gani?

Capture One, iliyozaliwa Denmark ndani ya kampuni ya kamera ya Phase One, ilijengewa jina kwa kazi hii hasa, ndiyo maana studio nyingi za mitindo na matangazo huitumia. Ina utaratibu wa kuweka kila kazi kwenye folda yake, na picha mpya inaweza kuingia ikiwa tayari na rangi za picha iliyotangulia. Bado inauza leseni ya malipo ya mara moja, ila tangu mwaka 2023 leseni hiyo haimpi mnunuzi vipengele vya matoleo yanayofuata.

Kwa asiyetaka kulipa, kuna darktable, programu huria isiyo na leseni ya kununua. Kupiga kwa kebo kwenye darktable kunategemea gPhoto2, na hufanya kazi kwa urahisi zaidi kwenye Linux. Kwenye Windows mara nyingi huhitaji kubadilisha kiendeshi cha USB, kazi isiyomfaa mtu mwenye wateja mlangoni.

Na ipo njia ambayo wengi huisahau: programu za watengenezaji wa kamera wenyewe. Canon ina EOS Utility, Nikon ina NX Tether tangu mwaka 2021, Sony ina Imaging Edge Desktop. Zote ni za bure. Huingiza picha kwenye folda, na Lightroom, hata ya zamani, inaweza kuagizwa kuichunga folda hiyo na kuvuta kila picha inayoingia. Mpaka wake ni mmoja: Lightroom 6 haifungui mafaili ya RAW ya kamera zilizotoka baada ya masasisho yake kukoma, kama Canon EOS R au Nikon Z6 za mwaka 2018. Hapo kamera ikiruhusu, JPEG hupitishwa kwenye kebo kwa ajili ya mteja kuangalia, na RAW hubaki kwenye kadi. Baadaye RAW hizo hubadilishwa kwa DNG Converter, ambayo Adobe huitoa bure.

Namna ya kupima bila kujidanganya

Kulinganisha matoleo mawili hakuhitaji maabara. Kunahitaji simu yenye kamera ya video na uvumilivu wa nusu saa.

Kamera huwekwa kwenye tripodi, mwelekeo wa lenzi ukiwa wa mkono ili muda wa kutafuta shabaha usiingie kwenye hesabu. Kebo ni ileile, mlango wa USB ni uleule, taa ni zilezile, na katalogi ni mpya na tupu kwa kila toleo. Programu nyingine hufungwa. Simu hurekodi kamera na skrini kwa pamoja. Video ya fremu 30 kwa sekunde ikitazamwa polepole, huonyesha wazi fremu ngapi zilipita tangu kifyatuo kilipolia hadi picha ilipotokea.

Vipimo vinne vinatosha. Cha kwanza ni muda wa picha kutokea. Cha pili ni muda wa picha kuwa safi inapokuzwa hadi asilimia 100, kwa sababu picha yenye ukungu haimsaidii mteja kuona kama jicho liko makini. Cha tatu ni picha kumi za mfululizo: ya kumi inafika baada ya muda gani? Cha nne ni kuchomoa kebo na kuirudisha. Je, programu inaiona kamera yenyewe, au lazima ifungwe na kufunguliwa upya? Kwa studio yenye watoto wanaokimbia juu ya nyaya, kipimo hiki cha nne kinaweza kuwa muhimu kuliko vyote.

Kila kipimo hurudiwa mara kumi, na jibu linalochukuliwa ni lile la katikati, si lile zuri kuliko yote. Kisha vyote hurudiwa kompyuta mpakato ikiwa kwenye betri, maana kompyuta nyingi hupunguza nguvu zikitolewa kwenye umeme. Toleo lililoshinda asubuhi kwenye umeme wa SNEL linaweza kushindwa jioni kwenye betri.

Tahadhari moja: katalogi ya Lightroom ikishapandishwa kwenda toleo kubwa jipya, toleo la zamani haliwezi kuifungua. Nakala ya katalogi hufanywa kabla ya jaribio.

Pale toleo jipya linapozidi kuwa zito

Matoleo mapya hutengenezwa kwa kompyuta mpya. Lightroom Classic ya leo inadai angalau gigabaiti 8 za kumbukumbu, na 16 ndizo zinazopendekezwa. Kwenye kompyuta ya mtumba yenye gigabaiti 4, toleo la zamani linaweza kuwa jepesi zaidi, hata kama mawasiliano yake na kamera ni ya kizamani. Tena, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kubadilisha mfumo mzima kwa sababu ya programu moja ni gharama nyingine.

Hapo ndipo nakala za wizi zinapovutia. Huuzwa kwa bei ndogo au hupewa bure kwenye flashi, na mara nyingi hudai kwanza kinga ya virusi izimwe. Anayeizima anafungua mlango wa kompyuta yenye picha za harusi za watu. Nakala hizo pia haziwezi kusasishwa, kwa hiyo kamera mpya ikinunuliwa, hazitaitambua.

Suala la mwisho ni usalama wa picha, na hili halionekani kwenye matangazo ya kasi. Umeme ukikatika wakati picha zinaingia kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, zilizokuwa njiani zinaweza kupotea. Kinga ni kuiagiza kamera iandike kila picha kwenye kadi pia, kisha kuhakikisha kwa macho kwamba imefanya hivyo, maana tabia hutofautiana kati ya kamera na kamera, na kati ya programu na programu. Uandishi huo wa pili unaweza kupunguza kasi kidogo. Lakini baba wa bibi harusi hatamsamehe mpiga picha kwa sababu tu programu yake ilikuwa na kasi.

Kwa mwenye bajeti ndogo, basi, mpangilio wa matumizi unajitokeza wenyewe. Kwanza kebo nzuri na fupi, iliyochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Pili, diski ya SSD badala ya diski ya kuzunguka. Tatu, kupunguza mapambo ya rangi yanayowekwa kwenye picha wakati zinaingia, ili kazi hiyo ifanyike wateja wakishaondoka. Vipimo vile vinne vikirudiwa baada ya hapo na bado picha zinachelewa, ndipo toleo jipya linastahili kujaribiwa, na ndipo mwenye studio atajua kwa fremu ngapi hasa linamzidi lile alilonalo.