Mkondo Mdogo Wenye Amri Kubwa: Transista na Rilei Kama Swichi

Vifaa vingi vya umeme vinavyojiwasha na kujizima vyenyewe, kuanzia friji gadi inayolinda jokofu la nyumbani hadi indiketa ya gari, hutegemea kanuni moja, nayo ni kwamba mkondo mdogo wa umeme unaweza kupewa mamlaka ya kuruhusu au kuzuia mkondo mwingine ulio mkubwa kuliko wenyewe mara nyingi. Swichi ya ukutani huendeshwa kwa kidole. Palipo na mtambo unaojiamulia, nafasi ya kidole huchukuliwa na transista au rilei, na mara nyingi na vyote viwili vikishirikiana. Vifaa hivi havishindani, kwa kuwa kila kimoja kina tabia ambayo mwenzake hana, na saketi nyingi huungua si kwa ubovu wa vipuri bali kwa sababu kipuri kimebebeshwa kazi isiyo yake.

Rilei ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1835 mwanasayansi wa Marekani Joseph Henry alionyesha kwamba mkondo dhaifu, ambao peke yake haukuweza kufanya kazi nzito, uliweza kuamuru saketi nyingine yenye nguvu kwa msaada wa sumaku-umeme, na ni kwa njia hiyo telegrafu iliweza baadaye kuvuka masafa marefu. Ndani ya kijisanduku cha rilei mna koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi kwenye kiini cha chuma. Mkondo unapopita katika koili, kiini hugeuka sumaku na kuvuta kipande cha chuma kinachoshikiliwa na springi, na kipande hicho husogeza pointi, ambazo ni vidonge vidogo vya metali vinavyogusana ili umeme upite au vinavyoachana ili ukatike. Mlio mkavu unaosikika ndani ya friji gadi au stabilaiza ni wa chuma hicho kikigonga.

Transista ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell, jimboni New Jersey, mikononi mwa John Bardeen na Walter Brattain waliokuwa katika kundi lililoongozwa na William Shockley, na watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Maabara hizo zilikuwa za kampuni ya simu, na miongoni mwa mambo yaliyosukuma utafiti huo ni haja ya kupata swichi isiyo na sehemu inayosogea, kwa ajili ya mitambo ya kuunganishia simu iliyokuwa imejaa maelfu ya rilei zinazochakaa. Transista nyingi za leo hutengenezwa kwa silikoni, ambayo ni nusu-kipitishi, yaani dutu isiyopitisha umeme kwa wepesi kama shaba wala kuuzuia kabisa kama mpira. Aina iliyozoeleka ina miguu mitatu iitwayo besi, kolekta na emita: besi isipopewa volti zipatazo 0.7 zaidi ya emita, njia kati ya kolekta na emita hubaki imefungwa, lakini mkondo mdogo ukiingia kwenye besi njia hiyo hufunguka na kupitisha mkondo mkubwa zaidi.

Ushirikiano wa vifaa hivi huonekana wazi ndani ya friji gadi. Kazi yake ni kupima volti za umeme wa nyumbani, kukata umeme zinaposhuka au kupanda kupita kiasi, na baada ya umeme kutulia kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha, ili shinikizo la gesi ndani ya kompresa lisawazike na mota yake isilazimike kuanza ikiwa imeelemewa. Maamuzi hayo yanaweza kufanywa na chipu ndogo ya volti 5, ambayo mguu wake mmoja kwa kawaida huweza kutoa miliampea 20 hivi bila kudhurika, ilhali kompresa huvuta mkondo mkubwa kuliko huo mara nyingi, na wakati wa kuanza huvuta mkubwa zaidi. Kwa hiyo amri hupitishwa kwa ngazi: chipu huamuru transista, transista huamuru rilei, na rilei huamuru jokofu.

Hesabu ya ngazi hizo haihitaji zaidi ya kugawanya. Koili ya rilei ya volti 12 ikiwa na ukinzani wa omu 400, mkondo wake ni 12 kugawanywa kwa 400, yaani ampea 0.03 au miliampea 30, ambao transista ya BC547 inayomudu hadi miliampea 100 huubeba kwa nafasi. Ili transista ifunguke kabisa, desturi ya mafundi ni kuipa besi sehemu moja ya kumi ya mkondo wa kolekta, yaani miliampea 3. Chipu hutoa volti 5 na besi hubaki na 0.7, hivyo volti 4.3 zinazosalia lazima ziangukie kwenye resista, yaani kipuri cha ukinzani kinachowekwa kati ya chipu na besi, na 4.3 kugawanywa kwa ampea 0.003 ni omu 1,433 hivi. Ikiwekwa resista ya kilo-omu 1, ambayo haikosekani dukani, besi hupata miliampea 4.3, kiasi kinachotosha kwa ziada huku chipu ikibaki salama. Resista hiyo ikiachwa, besi itavuta mkondo usio na mpaka wa kuuzuia, na chipu au transista itaungua.

Ukarimu huo kwa besi una sababu yake. Transista iliyofunguka kabisa hubakiza volti zipatazo 0.2 tu kati ya kolekta na emita, na kwa miliampea 30 joto lake ni miliwati 6. Ikifunguka nusu, hata koili ikapata volti 6 na transista ikabaki na 6 nyingine, mkondo hushuka hadi miliampea 15 lakini joto hupanda hadi miliwati 90, yaani mara 15. Kwenye koili ndogo tofauti hiyo huweza kuvumilika. Kwenye mota inayovuta ampea kadhaa, kosa la namna hiyo huunguza transista kwa muda mfupi.

Hatari nyingine hutokea wakati wa kuzima. Mkondo ulio ndani ya koili, kama lori lililosheheni mzigo, haukubali kusimama papo hapo. Transista ikiukatia njia ghafla, koili huzusha volti zinazoweza kupita 100, wakati BC547 imeundwa kustahimili 45 tu kati ya kolekta na emita. Kinga yake ni dayodi, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kama ile ya 1N4007, ambayo huunganishwa sambamba na koili huku upande wake wenye mstari ukielekea kwenye chanya. Rilei ikiwa imewaka dayodi haipitishi kitu. Ikizimwa, mkondo wa koili huzunguka kupitia humo hadi ukaisha wenyewe bila kuidhuru transista.

Upande wa pointi nao una sheria zake, na hapa maandishi yaliyochapwa juu ya rilei yanastahili kusomwa yote. Rilei ndogo zinazouzwa kwa wingi huandikwa ampea 10 kwa volti 250 za umeme geu, lakini ampea 10 hizohizo kwa volti 30 tu za umeme wa mkondo mnyoofu. Sababu ni cheche inayozuka pointi zinapoachana: umeme geu wa mizunguko 50 kwa sekunde hufika sifuri mara 100 katika kila sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika, ilhali umeme wa betri au wa paneli za sola haufiki sifuri, na cheche yake huweza kuendelea kuwaka hadi pointi zikayeyuka na kushikana. Anayejenga mfumo wa sola wa volti nyingi akitazama namba ya 250 peke yake ameandaa moto bila kujua.

Kutokana na tabia hizo, mgawanyo wa kazi hujipanga wenyewe. Rilei huchukua milisekunde kadhaa kujibu na huchakaa. Iliyoundwa kudumu mara 100,000 ikiwa na mzigo kamili ingemaliza umri wake chini ya dakika mbili kama ingeweza kuwashwa na kuzimwa mara 1,000 kwa sekunde, kasi ambayo kwa transista ni ya kawaida katika kupunguza mwanga wa taa au mwendo wa mota. Kwa upande mwingine, koili na pointi za rilei hazigusani kwa waya wowote, hivyo volti 230 za ukutani zinaweza kukatwa na saketi ya volti 5 bila pande hizo mbili kuungana, wakati transista hulazimika kuwa na waya wa pamoja kati ya anayeamuru na anayeamriwa.

Kwa sababu hiyo, fundi anayebadilisha rilei au transista kwa nyingine inayofanana nayo kwa umbo pekee hajamaliza kazi yake. Inampasa ajue volti na mkondo wa koili, aina na ukubwa wa mzigo unaopita kwenye pointi, na ahakikishe kwamba dayodi ipo na imekaa upande sahihi, kwani saketi iliyotengenezwa bila kujibu maswali hayo yaweza kuwaka siku ya kwanza na kuunguza jokofu la familia baada ya miezi michache. Elimu hii haidai vifaa vya gharama, inadai mita, kalamu na kugawanya namba mbili, na kila kijana anayejifunza ufundi anastahili kuipata kabla hajashika chuma cha kulehemu.