Kongoro Haijazi Ute wa Magoti

Hapana, supu ya kongoro haijazi ute wa magoti. Swali hili limerudi tena, safari hii kwa sura ya kisasa: msomaji anataka kujua kama unga wa kolajeni wa kwenye kopo, tena wa bei ya kuumiza, unafika gotini haraka kuliko supu.

Kwanza, utelezi wa ute ule unatokana kwa kiasi kikubwa na haialuroni, ambayo ni mnyororo wa sukari wala si protini. Kolajeni imo kwenye gegedu, jirani yake. Dawa imekosea mlango hata kabla ya kubisha hodi.

Haya, tuseme unaitaka kwa ajili ya gegedu. Utumbo huikatakata kolajeni ya ng'ombe kuwa asidi amino na vipande vya asidi mbili tatu. Hapo muuzaji hushangilia: vipande vinaingia kwenye damu! Kweli, vinaingia. Lakini ribosomu, mtambo wa seli unaounda protini, haipokei vipande. Huunga asidi amino moja moja, ikisoma ujumbe wa jeni herufi tatu tatu, na kila tatu huitwa kodoni. Kati ya kodoni 64, kodoni 61 hutaja asidi amino 20. UAA, UAG na UGA hazitaji yoyote, huagiza tu kazi isimame na mnyororo uachiwe. Sasa basi, kolajeni imejaa haidroksiprolini, na hiyo haina kodoni. Hata moja! Ukila gunia zima, ribosomu haina pa kuiweka. Mwili hutumia prolini ya kawaida, kisha huigeuza ikiwa tayari ndani ya mnyororo, kwa msaada wa vitamini C.

Ushahidi mwingine ni huu: wapo watoto ambao mifupa yao huvunjika ovyo. Katika aina nyepesi ya ugonjwa huo, mara nyingi kodoni ya kusimamisha imejitokeza mapema mno kwenye jeni ya kolajeni iitwayo COL1A1. Seli huuharibu ujumbe huo mbovu, na kolajeni hubaki karibu nusu. Kama kolajeni ya kula ingehamia mfupani jinsi ilivyo, sufuria ya kongoro ingewaponya. Haiwaponyi. Ile ni supu nzuri ya asubuhi, basi.

Goti linauma? Punguza uzito uliozidi, imarisha misuli ya paja, paka diklofenaki. Protini ipo kwenye maharage na dagaa, vitamini C kwenye pera. Goti likivimba na kuwa la moto, au homa ikikupanda, usiniandikie: nenda hospitali siku hiyohiyo.